UZI: Babu alikuja na meli au na jahazi? Kumtafuta mzee aliyeingia Amu kwa bahari

mtu_wa_langoni (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajukwaa, na habari za jioni kwa wote.

Uzi huu ni mrefu, tieni chai kwanza.

Kwa miaka miwili nimekuwa nikimtafuta babu mzaa babu yangu, yule wa kwanza wa ukoo wetu kukanyaga Lamu, Amu yetu. Kila niliyemuuliza aliniambia: ingia mtandaoni, andika jina, orodha za abiria wa meli zitakuletea. Nikaandika. Nikaandika Mohamed, Muhammad, Mahomed, Mohamad, usiku hadi adhana ya alfajiri. Walikuja watu maelfu, hakuna hata mmoja wangu. Nikaanza kudhani labda wazee walitudanganya, labda hakuna aliyekuja kutoka popote.

Wazee hawakudanganya. Mimi ndiye niliyeanzia mwisho. Nilitafuta jina kabla sijajua mzee alipanda chombo gani, na chombo ndicho kinachosema kama kuna karatasi au hakuna, na kama ipo, iko nchi gani.

Nieleze. Orodha za abiria zinazosifiwa sana ni zile za Marekani, hasa kituo cha Ellis Island pale New York, kilichofunguliwa Januari 1892 na kufungwa 1954. Walipita pale watu zaidi ya milioni 12. Orodha zile zimejaa habari: umri, kazi, mji alikotoka, nani amemlipia nauli, anakwenda kwa nani. Kwa nini zimejaa hivyo? Kwa sababu sheria ya Marekani ya 1891 iliitaka kampuni ya meli imrudishe kwa gharama yake abiria atakayekataliwa. Basi makarani wa kampuni waliwauliza watu maswali yote huko huko bandari ya kuondokea. Ndiyo maana ile hadithi kwamba maofisa wa Ellis Island waliwabadilisha watu majina haina msingi. Wao walisoma tu orodha iliyokuja na meli.

Waingereza nao wanazo zao, za Bodi ya Biashara. Waliofika bandari za Uingereza wameandikwa kuanzia 1878, walioondoka kuanzia 1890, zote zinaishia 1960 na zimehifadhiwa Kew, London. Nilikaa miezi mingi ndani ya orodha hizo, na ilikuwa kazi bure, kwa jambo ambalo lilikuwa wazi tangu mwanzo. Orodha zile ni za meli zilizogusa bandari ya Uingereza. Mtu aliyetoka Aden akashuka Zanzibar hakuiona Uingereza hata kwa mbali. Atakuwaje mle?

Sasa tuje kwenye jahazi. Mwaustralia mmoja, Alan Villiers, alisafiri na buumu la Kuwait msimu wa 1938 hadi 1939, akapita pwani ya Hadhramaut kule Yemen, Mogadishu, Lamu, Mombasa hadi Zanzibar na Rufiji. Buumu lile lilipakia pale Shihr, bandari ya Hadhramaut, abiria zaidi ya mia moja, waume kwa wake na watoto, wamelala juu ya shehena. Hebu fikirini ni majahazi mangapi yalishuka kila msimu wa upepo wa kaskazi, miaka mia kwa mia, na watu wa namna hiyo. Forodhani kilichowashughulisha makarani ni kile kinacholipiwa ushuru. Boriti zetu za mikandaa zilihesabiwa kwa korija, kila korija ishirini, na zikaandikwa. Abiria alishuka na furushi lake la nguo akaulizia nyumba ya jamaa zake.

Kwetu hadithi ilikuwa hivi: mzee alikuja na jahazi la Washihiri, watu wa Hadhramaut, akashuka gatini mbele ya ngome, akaoa mtaa wa Langoni. Basi nikasema, kama ni jahazi, hakuna orodha, nimemaliza. Nikafunga daftari.

Kisha bibi yangu akafariki, Mungu amrehemu, na tukafungua kasha lake la njumu. Chini kabisa, chini ya kanga na chupa za marashi, mlikuwa na kitambaa cheupe kimekunjwa, na ndani yake karatasi nne za Kiarabu. Tatu ni za nyumba. Ya nne ni hati ya deni. Nilimpelekea mwalimu wangu wa madrasa akaisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Ndugu wa babu, akiwa Aden, amemkopesha babu fedha za safari ya kuja Sawahil, yaani pwani yetu. Tarehe ni Jumada al-Ula 1331. Na fedha zenyewe, akasoma mwalimu, ni "nauli ya babur". Nikamuuliza babur ni nini. Akasema, meli ya moshi, mwanangu.

Nilirudi nyumbani nikapiga hesabu. Jumada al-Ula ndiyo mfungo nane wetu. Mwaka 1331 wa Hijria ulianza Desemba 1912, kwa hiyo mfungo nane uliangukia Aprili na siku za mwanzo za Mei 1913. Wana wa bahari mmekwishaelewa. Mwezi wa nne kaskazi imekwisha na kusi inaingia. Majahazi ya Arabuni yaliyo huku yanatweka kurudi kwao. Hakuna nahodha mwenye akili zake anayetoka Aden mwezi huo kuja kusini kwa tanga. Angepiga bisho hadi tanga lichanike. Upepo peke yake ulitosha kuniambia kwamba mzee hakuja Amu moja kwa moja na jahazi la Washihiri.

Hapo ndipo nilipokumbuka maneno ya bibi, ambayo niliyasikia utotoni mara nyingi bila kuyasikiliza: "Alikuya na meli, kisa akaya na jahazi." Sisi tulishika jahazi, meli tukaiacha. Alipanda meli Aden hadi Zanzibar au Mombasa, kisha akapanda jahazi la kwetu lililokuwa likipanda kaskazini na kusi nyuma yake. Maneno yote mawili ya bibi ni kweli na yamekaa kwa mpangilio wake.

Na neno "meli" lenyewe ni ushahidi. Limetoka kwenye neno la Kiingereza "mail", yaani barua za posta. Kampuni ya British India ilianza kupeleka barua kati ya Aden na Zanzibar mwaka 1872, na watu wa pwani wakaziita meli zile kwa mzigo wake. Kwa hiyo mzee wa zamani akikwambia meli, usiandike "chombo". Merikebu, manowari, meli, jahazi, buumu, kotia, mtepe, badeni: kila neno lina maana yake, na aliyekuwapo alilichagua akijua. Chombo chenye ratiba ya posta hutangazwa gazetini. Gazeti la serikali ya Zanzibar lilianza kuchapwa 1892, na lilikuwa na habari za meli zinazoingia na kutoka. Sasa nina dirisha la wiki chache tu za mwaka 1913 ambamo natafuta, wakati zamani nilikuwa natafuta katika karne nzima.

Naendelea kesho, inshallah. Ulizeni.

binti_mkomani

Waalaykum salaam kaka. Umenifanya nimpigie simu mama sasa hivi nimuulize neno alilotumia babu yake.

Sisi ni Mabohora, watu wa Kachi kule India. Watu wakituona husema tu, "nyinyi babu zenu walikuja kujenga reli." Je, niwatafute kwenye orodha za reli?

mtu_wa_langoni

Dada, ahsante kwa swali, maana kosa hilo linawapotezea watu wengi muda.

Reli ya Uganda ilileta vibarua wa Kihindi karibu 32,000 kati ya 1896 na 1901, wengi wao kutoka Punjab, wakipandia Karachi. Waliobaki baada ya mkataba ni kama 6,700. Wafanyabiashara wa Kachi walikuwa wameshakaa pwani hii muda mrefu kabla reli haijafikiriwa. Forodha yenyewe ya Sultani wa Zanzibar ilikodishwa miaka mingi kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, watu wa Kachi. Kama wenu walikuwa na duka Amu, yaelekea walikuja na kotia au baadaye na meli ya Bombay, kwa nauli yao wenyewe, na reli haiwahusu.

Hapa pana jambo limeniuma moyo tangu nilijue. Nendeni mkatazame orodha za Wahindi waliopelekwa Natal, Afrika Kusini, kufanya kazi ya miwa. Meli ya kwanza, Truro, ilitoka Madras ikafika Durban tarehe 16 Novemba 1860, na hadi 1911 walipelekwa watu 152,184. Kila mmoja ameandikwa kwa nambari: jina, jina la baba, umri, tabaka, kijiji, wilaya, urefu, na alama za mwilini. Kovu la goti la kushoto. Fundo la mkono. Mjukuu wa leo anajua babu yake alikuwa na kovu wapi. Mauritius nako hivyo hivyo, tangu 1834, na kwa wengine mpaka picha zimo. Waliandikwa kwa sababu walifungwa mkataba, na mwenye mkataba alitaka kumjua wake akitoroka. Babu yako na wangu walikuja kwa hiari, hakuna aliyewadai, na karatasi hakuna. Ukiona orodha imejaa habari za mtu, jiulize kwanza nani alizitaka na kwa nini.

Kwa ninyi, nyumba ya kwanza ya kubisha hodi ni jamaa, yaani jumuiya yenu wenyewe: vitabu vya jamaa, ndoa na michango. Kisha pasipoti. India ilipitisha sheria ya pasipoti 1920, kwa hiyo aliyevuka baada ya hapo yaelekea alikuwa na kijitabu, na kijitabu kina mihuri, na kila muhuri ni tarehe na bandari. Muulize mama kuhusu makabati na masanduku.

binti_mkomani

Mama anasema babu yake alisema "meli", na kwamba alilala siku nyingi sitahani. Na pasipoti anaamini iko kwa mjomba Mombasa!

mtu_wa_langoni

Alhamdulillahi. Aliyelala sitahani alikuwa abiria wa dekini, nauli ya chini. Ukiipata hiyo pasipoti, ipige picha kila ukurasa, hata mitupu, mchana karibu na dirisha. Usiibandike gundi wala usiipake plastiki.

malindi_kwetu

Salaam kutoka Malindi. Sisi tunaitwa Wabulushi, watu wa asili ya Baluchistani, mpaka leo, ingawa hakuna anayejua neno moja la Kibulushi. Babu mkuu alikuwa askari wa Sultani. Nimemtafuta kwenye orodha za meli, hola.

mtu_wa_langoni

Kaka, askari hakukata tikiti. Malindi ilikuwa imekufa kabisa, magofu na msitu, hadi Sayyid Majid alipoifufua miaka ya 1860 na kuweka pale askari wa Kibulushi. Mtu wako yumo kwenye malipo ya askari kama yumo mahali popote, na karatasi za serikali ya Zanzibar za zamani ziko nyaraka za taifa Kilimani, Unguja.

Lakini kwa Malindi mna kitu ambacho sisi wa Amu tunawaonea wivu mwema. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimtaka kila anayedai shamba katika ukanda wa pwani wa maili kumi aje mbele ya ofisa aeleze shamba amelipataje. Watu walisimama wakasema: hili alilisafisha baba yangu, baba yangu ni fulani bin fulani, alinunua kwa fulani. Hayo yameandikwa. Orodha ya abiria ingekupa jina na umri. Dai la shamba linaweza kukupa baba, babu, majirani na mashahidi. Kama babu zako walikuwa na shamba, anzia hapo.

malindi_kwetu

Walikuwa nalo. Minazi na embe. Ahsante sana, sikuwahi kuwaza ardhi.

mwana_wa_faza

Mimi niongeze la kipimo cha damu, maana huku visiwani watu wamechoka na hadithi za Wachina waliozama karibu na Pate, na kila mwaka anakuja mgeni kutupima.

Mwaka 2023 ulichapwa utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani kwenye miji ya pwani, na Manda na Faza zimo. Walikuta kwamba upande wa mama ni Waafrika kwa sehemu kubwa sana, na upande wa baba wengi ni watu wa Asia, kwanza Waajemi, baadaye Waarabu, na kuchanganyika kulianza yapata mwaka 1000. Kwa hiyo wazee wetu waliosema Shirazi hawakuwa wakiota.

Ninachotaka kusema ni kwamba kipimo kile kinakwambia bahari gani, hakikwambii mwaka gani wala chombo gani.

shangazi_wa_shela

Wanangu, nimesoma yote haya na kuna jambo halijasemwa.

Kila mnayemtaja hapa ni babu. Babu alikuja, babu alishuka, babu alioa. Alioa nani? Yule mwenzetu wa Faza amelisema kwa lugha ya wataalamu: waume walikuja, wake walikuwapo. Bibi yenu hakupanda meli wala jahazi kwa sababu alikuwa hapa hapa, nyumba ni yake, na kwa desturi ya Amu nyumba alipewa na babake aolewe ndani yake. Mkimtafuta kwenye orodha za abiria hamtampata milele. Na hata waliosafiri, karani aliandika jina la mume, kisha "mke", basi.

Mimi nasaba ya mama yangu ninayo vizazi vinane, na sikuitoa kwenye karatasi. Niliitoa kwa bibi yangu tukichambua mchele. Kila jioni jina moja, na jina lina kisa chake. Anzeni huko.

Na la pili, nalisema kwa upole. Wako miongoni mwetu ambao bibi zao waliletwa na majahazi bila kutaka. Familia nyingi zinanyamaza. Utumwa ulikomeshwa Zanzibar 1897, na kwetu pwani ya Kenya 1907. Si zamani hivyo, mama yangu aliwajua waliokuwapo. Hao nao wana haki ya kutafutwa.

mtu_wa_langoni

Shangazi, shikamoo. Umenikalisha chini, na nakushukuru. Ni kweli, uzi mzima nimeandika babu tu. Nasaba ya bibi yangu sijaiandika hata mstari mmoja, naye ndiye aliyehifadhi ile hati miaka yote.

Kuhusu waliochukuliwa, nitasema ninalolijua kwa yeyote anayesoma kimya kimya na hataki kuuliza. Manowari za Waingereza zilikuwa zikikamata majahazi yenye watumwa, na waliokombolewa waliandikwa: jina, umri, kabila, jahazi walimotolewa. Rejesta za walioachiliwa ziko nyaraka za Zanzibar. Wengine walipelekwa India, kule Nasik, na baadhi yao wakarudi baadaye kukaa Frere Town, Mombasa, iliyoanzishwa 1875 na wamisheni wa Kianglikana, na wamisheni waliweka vitabu vya ubatizo na ndoa. Jina la rejesta huenda si lile alilopewa na mamake. Ukikuta kabila limeandikwa, lishike hilo, maana mara nyingi ndilo neno pekee alilosema mwenyewe likaandikwa.

msomaji_wa_nyaraka

Niruhusuni nisahihishe jambo moja dogo. Mwanzisha uzi amesema jahazi halina orodha. Kwa jumla ni kweli, ila kuna mlango mmoja.

Mkataba wa Brussels wa 1890 dhidi ya biashara ya watumwa ulitaka vyombo vya wenyeji vinavyopeperusha bendera za dola zilizotia saini viwe na orodha ya mabaharia na ya abiria weusi, ili manowari ikilisimamisha jahazi iweze kukagua. Kwa ajili hiyo Waarabu wa Sur, bandari ya Oman, waliokuwa wakipandisha bendera ya Ufaransa walizua mzozo mkubwa kati ya Ufaransa na Uingereza, hadi shauri likaamuliwa The Hague mwaka 1905. Kwa hiyo mwenye babu wa Sur, au aliyekuja na chombo cha bendera ya Kifaransa kutoka Ngazija, asikate tamaa. Karatasi za makoloni ya Ufaransa ziko Aix-en-Provence.

mtu_wa_langoni

Nashukuru kwa sahihisho, Mwalimu, nalikubali lote. Kumbe hata hapo orodha ilizaliwa na sheria, kama kule Marekani.

Sasa nimalizie yangu, maana wengi wameniandikia kando wakiuliza, "ulimpata au hukumpata?"

Babu mwenyewe bado. Nina majuma yangu ya 1913, na ninayasoma gazeti kwa gazeti. Niwe mkweli pia kwamba magazeti yale yaliwataja kwa majina zaidi abiria wa daraja la juu, kwa hiyo yamkini nitapata meli bila kupata jina. Nitaridhika na meli.

Lakini nilimpata nduguye. Yule aliyetoa fedha.

Ilikuwa hivi. Ile hati nilikuwa nikiisoma kama habari ya babu. Siku moja nikajiuliza, huyu mkopeshaji, mtu wa Shihr anayeishi Aden, alipata wapi fedha taslimu mwaka 1913? Watu wa Aden wakati huo walikuwa wakichukuliwa kazi ya makaa ndani ya meli za Waingereza, na wengi walikuwa wakikaa Cardiff na South Shields, bandari za Uingereza, baina ya safari. Wapakia makaa hawako kwenye orodha za abiria. Wako kwenye orodha za mabaharia. Na orodha za mabaharia wa meli za biashara za Uingereza za mwaka 1915 zimepigwa picha na kuwekwa wazi mtandaoni, bure, majina yapata 750,000.

Niliandika jina lake la kwanza na neno Aden, basi. Sikuandika la ukoo. Hili nawasihi mlishike, maana ndilo lililonitesa zaidi: sisi hatuna jina la ukoo kwa namna karani wa Kizungu alivyolielewa. Mtu alisema "Fulani bin Fulani bin Fulani", karani akachukua la mwisho akaliweka mahali pa ukoo, mwingine akachukua la kati, mwingine akaandika "Bin" kama ndilo jina. Nimeona hivyo kwa macho yangu. Katika manowari ilikuwa mbaya zaidi. Mabaharia wetu wa pwani, ambao Waingereza waliwaita Seedie, wengine walibandikwa majina ya mzaha na ndiyo yakabaki kitabuni. Miji nayo vivyo hivyo: Lamu utaikuta Lamoo, Malindi utaikuta Melinda, Kachi ni Cutch, Mukalla kila karani na yake. Tafuta kwa jina la kwanza, umri na mahali, na umri uache nafasi ya miaka mitano huku na huku.

Yalikuja majina mengi. Nikafungua orodha moja moja nikasoma ukurasa wote, juu hadi chini. Kwenye meli moja, wapakia makaa watatu wamefuatana, wote Aden, na wa pili ni yeye. Jina lake, la baba yake, na la babu yake ambalo karani kalivuruga lakini ukilisoma kwa sauti unalisikia. Umri miaka 31. Anwani ni nyumba ya kulala mabaharia Cardiff. Mahali pa saini pana alama ya msalaba, maana herufi za Kiingereza hakuzijua, ingawa hati yake ya Kiarabu iliyo mkononi mwangu ina mwandiko mzuri.

Nilichelewa kumwamini kwa sababu imeandikwa kazaliwa Aden, nasi tunajua ni mtu wa Shihr. Lakini tazameni jina letu sisi wenyewe. Watu wa Hadhramaut huku wanaitwa Washihiri, hata aliyezaliwa bara kabisa, Tarim au Seiyun, kwa sababu bandari waliyopandia wengi ni Shihr. Mtu huitwa kwa gati alilotokea. Cardiff alitokea Aden, basi akawa mtu wa Aden. Wawili waliomzunguka kwenye orodha nimewaulizia kwa wazee, na ukoo wa mmojawapo bado una watu Langoni, mtaa wa pili kutoka kwetu. Wajukuu wale na sisi tumecheza mpira pamoja bila kujua kwamba babu zetu walichota makaa kwa koleo mbele ya moto mmoja.

Baba yangu ana miaka 78. Nilimsomea ukurasa ule barazani baada ya magharibi. Aliniuliza swali moja tu: deni lililipwa?

Nimeitazama tena hati. Nyuma kuna mstari mmoja wa wino mwingine, mwalimu aliuruka siku ile kwa kuwa umefifia. Ijumaa nampelekea, na nimenunua tochi yenye mwanga mkali wa kuulaza kando ya karatasi, ili wino uonekane.

shangazi_wa_shela

Mchukue na babako mwende pamoja. Na Jumamosi pita Shela, nitakuwa nachambua mchele. Njoo na daftari, tuanze na mama wa bibi yako. Nilimjua.